Mteremko Hushukwa kwa Gia
Hotuba ya polisi wa usalama barabarani kwa madereva, wafanyabiashara na wakazi wa mpakani, Kisoro



Mmezoea kutuona barabarani tukisimamisha magari, tukitazama leseni na kuhesabu abiria. Leo hatukuja kukagua gari la mtu wala kuandika kosa la mtu. Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo moja lililomo ndani ya magari yenu, ambalo wengi mmelilipia bila kulitumia. Ni ile alama ya M, pamoja na alama ya kujumlisha na ya kutoa, iliyochorwa kando ya mkono wa gia katika magari ya otomatiki. Dereva hutoka P, akapita R na N, akatua kwenye D, na hapo mkono wake hukoma. Hupanda mlima kwa D na kuushuka kwa D, akiamini kwamba gari litajua la kufanya. Sisi tunasema: gari linajua mengi, lakini haliuoni mteremko ulio mbele. Anayeuona ni dereva.

Tazameni nchi tunayoishi. Barabara itokayo Kabale hupita katika msitu wa Echuya, penye mianzi na ukungu, kisha hufika Kanaba na kuanza kuteremka kwa kona baada ya kona kuelekea bonde la Kisoro, Muhavura ukiwa mbele yetu. Kutoka Kisoro, njia moja huenda Cyanika na nyingine Bunagana. Ng'ambo ya mipaka hiyo milima haipungui. Anayekwenda Musanze au Rutshuru hukutana na miteremko mingine. Na chini ya mteremko hapako patupu. Pana soko, pana shule, pana kituo cha magari, pana mama aliyebeba viazi kichwani akivuka barabara. Breki za gari zikishindwa katikati ya mteremko, anayelipa si dereva peke yake. Mara nyingi hulipa yule aliyekuwa akipita kwa miguu, ambaye hakuwahi kuligusa gari hilo.

Hapo zamani jambo hili lilikuwa jepesi kulifundisha. Wengi waliofundishwa udereva katika nchi zetu walifundishwa kwa gari la gia za mkono, lenye klachi. Mwalimu alisema: ukikaribia mteremko, rudisha gia, uiache injini ilishike gari. Gia unayoihitaji kuupanda mlima huu, ndiyo gia ya kuushukia. Kanuni hiyo haijafutwa na mtu yeyote. Lililobadilika ni magari. Mengi yanayotufikia sasa ni yale yaliyokwisha kutumika Japani, nayo ni ya otomatiki. Kitabu cha maelezo kilichomo ndani yake kimeandikwa kwa Kijapani, na aliyeliuza hakumweleza mnunuzi zaidi ya jinsi ya kuwasha redio. Kwa sababu klachi haipo, dereva hudhani na kazi ya gia imekwisha. Haikwisha. Imehamia katika vidole vyake.

Kwanza tueleze kwa nini breki peke yake hazitoshi. Breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Tufanye hesabu ndogo. Chukueni gari la kawaida la abiria ambalo, pamoja na watu waliomo, lina uzito wa kilo 1,500. Likishuka mita 500 za kimo, yaani tofauti ya juu na chini na si urefu wa barabara, nguvu inayopaswa kuzuiwa ili gari lisiongeze mwendo inakaribia kutosha kuchemsha debe zima la maji baridi, lita 20. Mama zetu hapa wanajua debe la maji hula kuni kiasi gani kabla halijatokota. Joto lote hilo dereva anataka limezwe na vyuma vichache vilivyo nyuma ya magurudumu, tena katika muda wa dakika chache. Na gari lililojazwa kupita kiasi huongeza kuni katika moto huo.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza, pedi za breki zikipata joto kupita kiasi hupoteza ukali wake. Dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi, gari likapunguza mwendo kwa uchache zaidi. La pili, mafuta ya breki yenyewe huweza kuchemka. Mafuta ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, huhimili joto la nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Lakini mafuta ya breki huvuta unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka, na yakishavuta maji kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka, hutoa mvuke ndani ya mabomba. Mafuta hayagandamiziki, mvuke hugandamizika. Hapo mguu wa dereva hushuka hadi sakafuni na gari haliitiki. Dereva husema breki zimekatika ghafla. Kwa kweli hazikukatika ghafla. Zilikuwa zikichoka tangu kona ya kwanza.

Sasa tuje kwenye dawa. Injini iliyoondolewa mafuta, huku ikiwa bado imeungana na magurudumu kupitia gia, hugeuka kuwa mzigo. Magurudumu hulazimika kuizungusha, nayo huyazuia. Kadiri gia inavyokuwa ya chini, ndivyo injini inavyozunguka kwa kasi na kuzuia kwa nguvu zaidi. Joto linalotokea hutolewa na rejeta na bomba la moshi, ambavyo vimeundwa kwa kazi hiyo, na breki hubaki baridi zikisubiri dharura. Mkono wa gia ukiwa kwenye D, kompyuta ya gari hutafuta gia ya juu kila mguu unapoachia mafuta, kwa kuwa imefunzwa kubana matumizi. Yapo magari yanayotambua mteremko na kurudisha gia yenyewe kidogo, lakini dereva asiyajengee matumaini yake yote. Akisogeza mkono hadi M, huiambia kompyuta: gia hii nimeichagua mimi, ishike.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kabla ya mteremko kuanza, gari likiwa bado katika sehemu tambarare au mwanzoni kabisa mwa mteremko, punguza mwendo kwa breki. Sogeza mkono wa gia kutoka D hadi M. Gusa alama ya kutoa mara moja, usubiri injini itulie, kisha gusa tena, mpaka namba ya gia kwenye dashibodi isome 3 au 2 kulingana na ukali wa mteremko. Ondoa mguu kwenye mafuta. Sikiliza. Injini itapaza sauti kidogo, na mshale wa mizunguko utapanda. Sauti hiyo isikutishe, maana ni sauti ya injini ikikufanyia kazi. Ikiwa mwendo bado unaongezeka, gia uliyochagua ni ya juu mno. Punguza kwa breki, kisha shuka gia moja zaidi.

Breki nazo zina namna yake. Usiziegemee kwa mguu mwepesi kutoka juu hadi chini, kwa kuwa huko ndiko kuzipika. Chagua mwendo ulio salama, tuseme kilomita 50 kwa saa. Gari likiufikia mwendo huo, kanyaga kwa uthabiti mpaka lirudi kama 40, kisha achia kabisa ili breki zipate hewa. Mwendo ukirudi 50, kanyaga tena. Kati ya kukanyaga na kukanyaga, injini ndiyo inayolishika gari.

Magari hayafanani, kwa hiyo tunawaomba kila mmoja alisome lake. Katika magari mengi, kusukuma mkono mbele ni kupandisha gia na kuuvuta nyuma ni kuishusha. Katika BMW na Mazda ni kinyume: mbele ni kushusha, nyuma ni kupandisha. Yapo magari yenye vibawa viwili nyuma ya usukani, cha kushoto cha kutoa na cha kulia cha kujumlisha. Yapo yasiyo na M hata kidogo, bali yana 2 na L chini ya D. Hayo nayo yana dawa ile ile, kwani 2 huzuia gari lisipande juu ya gia ya pili, na L hulibakiza katika gia ya chini kabisa. Mengine yana kitufe kidogo kwenye mkono wa gia ambacho, kikibonyezwa, huwasha taa ya O/D OFF kwenye dashibodi. Wapo madereva waliompelekea fundi taa hiyo wakidhani ni ugonjwa. Si ugonjwa. Inakuarifu kwamba gia ya juu kabisa imefungwa, nalo ni jambo jema katika miteremko ya wastani. Magari ya Toyota yanayotumia umeme na petroli kwa pamoja huwa na alama ya B. Hiyo ndiyo ya mteremko.

Tuna neno pia kwa wanaoendesha magari ya pande zote mbili za mpaka. Uganda tunapita kushoto. Rwanda na Kongo hupita kulia. Katika gari la usukani wa kulia, mkono wa gia hushikwa kwa mkono wa kushoto. Katika gari la usukani wa kushoto, hushikwa kwa mkono wa kulia. Aliyekabidhiwa gari la mwenzake alivushe mpaka asisubiri kufika kwenye kona ndipo atafute M ilipo. Alitafute gari likiwa limesimama, kisha ajaribu mahali tambarare pasipo na watu, mpaka mkono uzoee bila macho kuondoka barabarani.

Tumekuwa tukisikia hoja kadhaa kutoka kwenu, na ni haki zijibiwe. Wapo wasemao kwamba M huharibu giaboksi. Giaboksi ya otomatiki inalindwa na kompyuta yake. Ukiomba gia ambayo ingeizungusha injini kupita kiasi, ombi hukataliwa, na magari mengine hulia mlio mdogo kukujulisha. Linaloharibu giaboksi ni mafuta yake kuzeeka bila kubadilishwa, na kuhamisha mkono hadi R au P gari likiwa bado linakwenda. Fikirini pia gharama: bei ya mafuta ya giaboksi inajulikana dukani, lakini bei ya mtoto aliyekuwa akitoka shule haimo katika duka lolote.

Wapo wasemao kwamba injini ikizunguka kwa kasi hunywa mafuta mengi. Hii ni kweli mguu ukiwa kwenye mafuta. Lakini katika injini za kisasa zinazopuliziwa mafuta kwa kompyuta, dereva akiachia mguu huku gari likiwa ndani ya gia kwenye mteremko, kompyuta hukata mafuta. Mizunguko unayoiona hutoka kwenye magurudumu, haitoki kwenye tangi.

Na hapa ndipo tunapolikuta kosa kubwa kuliko yote, nalo ni kuteremka kwa N, au kuzima injini kabisa, kwa nia ya kubana matumizi. Anayeweka N ameikata injini kutoka kwenye magurudumu. Kuanzia hapo hana kizuizi ila breki, nazo tumeshaona mwisho wake. Tena hakubana kitu, kwa sababu injini kwenye N huhitaji mafuta ili isizimike, ilhali ndani ya gia ingekatiwa mafuta. Anayezima injini amejiongezea hatari nyingine: msaada wa breki unaotegemea injini huisha baada ya kukanyaga mara mbili au tatu, kanyagio likawa gumu kama jiwe, na usukani ukawa mzito. Akiuchomoa ufunguo, usukani huweza kujifunga. Tunawasihi, tena tunawakataza: asiteremke mtu kwa N, wala kwa injini iliyozimwa.

Pamoja na kuisifu M, hatuna budi kuwaonya. Kwanza, gari likizuiwa na injini, taa za nyuma hazijui. Anayekufuata haoni taa nyekundu, ingawa mwendo wako umepungua. Gusa breki kwa wepesi kidogo ili taa zimwonye, hasa penye ukungu. Pili, barabara ikiwa imelowa au ina tope, usishushe gia kwa ghafla katikati ya kona, maana magurudumu yanayozuiwa ghafla huteleza. Shusha kabla ya kona, gari likiwa limenyooka. Tatu, ukifika chini rudi D. Katika magari mengine M haitapandisha gia yenyewe, na dereva aliyesahau hulia na injini yake hadi mjini. Nne, M haikuwekwa kwa ajili ya mashindano. Kijana anayeitumia kupaza injini sokoni hajaielewa, nasi tutazungumza naye kwa lugha nyingine.

M hufaa pia nje ya mteremko. Mlimani, gari lenye mzigo likiwa kwenye D huhangaika kati ya gia mbili, likipanda na kushuka bila kutulia. Ukiishika gia ya chini kwa M, hupanda kwa utulivu na mafuta ya giaboksi hayapati joto la bure. Kwenye tope, kuanza safari kwa gia ya pili, kwa magari yanayoruhusu, hupunguza nguvu ya magurudumu na kuyazuia yasizunguke mahali pamoja.

Itakuwaje ikiwa onyo halikusikilizwa na breki zikashindwa? Usiweke N. Usizime injini. Kanyaga na kuachia breki kwa haraka mara kadhaa, huenda zikarudisha nguvu kidogo. Shusha gia moja moja kwa M au kwa 2 na L. Vuta breki ya mkono taratibu bila kuikaza yote kwa mara moja, kwa kuwa magurudumu ya nyuma yakifunga gari litageuka. Piga honi mfululizo na uwashe taa za hatari, ili walio chini wapishe. Tafuta njia inayopanda, au ukingo wa udongo upande wa mlimani, uliegemeze gari hapo. Kulikwaruza gari kwenye ukingo ni hasara. Kulifikisha sokoni bila breki ni msiba.

Ndugu zetu, kazi hii hatuwezi kuifanya peke yetu. Polisi wachache hawawezi kusimama kwenye kila kona ya kila mlima, na hata tukisimama, hatuoni mguu wa dereva umekanyaga nini. Anayeona ni abiria aliyeketi karibu naye. Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Madereva, kesho kabla ya kupakia abiria wa kwanza, tafuteni M, 2, L au B katika magari yenu mahali tambarare, na mjifunze kuitumia. Mwenzenu asiyejua, mwonyesheni bila kumcheka.

Wenye magari, ulizeni fundi mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Kama hakuna anayekumbuka, yabadilisheni. Wala msimkaripie dereva aliyechelewa kwa sababu alishuka polepole, kwani anayemsukuma dereva ana sehemu yake katika yatakayotokea.

Abiria, msione haya kusema. Mkisikia harufu ya kuungua inayoingia kutoka magurudumuni, au mkiona dereva amesogeza mkono hadi N juu ya mlima, mwambieni kwa heshima: ndugu dereva, tusimame kwanza. Gari likisimama mahali salama kwa muda, breki hupoa. Asimwagie mtu maji breki zilizo moto, kwa maana chuma cha moto kikipata baridi ya ghafla huweza kupinda au kupasuka.

Na ninyi mnaoishi chini ya miteremko, pamoja na wenyeviti wetu wa vijiji: meza za biashara zisogezwe mbali na ukingo wa barabara mahali mteremko unapokomea, na watoto wasifanye hapo uwanja wa kuchezea. Mkiona gari linalopita kila siku likitoa moshi magurudumuni, tuambieni. Hatutaki jina la aliyetuambia; tunataka gari litengenezwe kabla halijaua.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Kwa dereva wa milimani, tahadhari hiyo ni mguso mmoja wa mkono wa gia kabla ya kona ya kwanza. Haiongezi nauli, haihitaji kifaa kipya, wala haichukui muda wa kusema neno moja. Mpaka unatutenganisha kwa bendera na kwa upande wa barabara tunaopita, lakini milima ni mmoja kwa wote, na wanaotembea kandokando ya barabara zake ni wetu sote.

Aliye na swali aje mbele. Magari mawili yako hapa uwanjani, moja la usukani wa kulia na moja la kushoto, na yeyote anayetaka kuonyeshwa ilipo M ataonyeshwa, awe dereva au abiria.